Matenki ya balasti yanajaa yenyewe? Anzia kwenye koki

Wazee wa boti za wekibodi (mchezo wa kuvutwa na boti ukiwa umesimama kwenye ubao) hapa Mwanza, tenki la balasti, lile la maji ya kuongeza uzito wa boti ili itoe wimbi kubwa, likijaa na swichi ya pampu umezima usikimbilie kununua pampu mpya. Funga kwanza ile koki ya chini ya boti maji yanapoingilia (pampu usiiwashe, itaungua) halafu tembeza boti kidogo, yakiacha kujaa ujue mwendo ndo unayasukuma yapite ndani ya pampu, maana pampu nyingi za feni zikizimwa hazizuii kitu, hapo weka valvu ya umeme ya kuziba njia. Yakiendelea, cheki bomba la kutolea kama tundu lake linazama boti ikiwa nzito, yanarudi kinyumenyume. Fungua na valvu ya kuzuia maji kurudi uikague ndani, yangu nilikuta mizizi ya gugu maji imekwama kwenye kilango kama mwiba wa sato kooni.