Farasi mkali akiona ndoo ya chakula, anza na tumbo lake

Hii ni ya nyinyi mnaofuga farasi wa kupandisha watu hapo ufukweni Mombasa, Bamburi, Pirates, Nyali mpaka Shanzu, na saisi wote, yaani watunza farasi, mnaoingia bandani jioni na ndoo mkononi huku roho iko juu juu. Farasi kutwa mpole, watoto wanampanda, watu wanapiga nae picha, lakini usiku ukiingia akisikia tu mlio wa ndoo analaza masikio nyuma, anatoa meno, anakugeuzia matako akutandike teke. Watu wanasema ana jeuri, wanachukua fimbo. Weka fimbo chini kwanza tuangalie amekula nini toka asubuhi.

Wajua farasi hacheui kama ng'ombe. Tumbo lake ni dogo ukilinganisha na huo mwili, na ameumbwa ale kidogo kidogo karibu siku nzima, ukimwacha malishoni anakula kama masaa 16 kwa siku. Asidi ya tumboni inatoka muda wote, ale asile, na kinachoituliza ni majani na yale mate anayotoa akitafuna. Sasa wewe umemtoa asubuhi maji yamekupwa, amezunguka mchangani mpaka magharibi hana kitu mdomoni, ile asidi inamchoma, na wengi ndo wanavyopata vidonda vya tumbo. Ukitokea na pumba saa moja usiku lazima akutoe mbio, njaa hiyo, na pengine na maumivu juu yake.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni majani. Farasi wa kilo 400 anataka kilo 6 mpaka 8 za majani makavu kwa siku, nyasi za boma rhodes ni nzuri, na upime kwa mizani ya kuning'iniza usikadirie kwa macho. Ale kabla ya kutoka, ale mchana mkipumzika kivulini chini ya mivinje, halafu fungu kubwa liwe la usiku. Tia kwenye wavu wa matundu madogo ili akae nayo muda mrefu, ufunge juu kiasi asije akanasa mguu. Jioni majani yatangulie, pumba ije baadae, utaona mwenyewe pupa imepungua. Na tafadhali usimwage chakula chini kwenye mchanga, weka turubai au karai, manake anakula na mchanga na ukijazana tumboni anaumwa vibaya sana, wengine wanakufa.

Pia msimpe chakula cha kuku wala cha ng'ombe kwa vile ni bei rahisi. Vingine vinatiwa dawa inaitwa monensini, kuku hana shida nayo lakini kwa farasi ni sumu ya moyo. Na mahindi yaliyoota ukungu, na kwa unyevu huu wetu wa pwani yanaota haraka, yatupe.

Kama wako wengi pamoja, mafungu yawe zaidi ya farasi, watatu weka manne, mbalimbali, na yule mnyonge mtenge ale peke yake kwa raha.

Sasa adabu, na hapa ndo panataka subira. Fanya akishapata majani, usifanye akiwa na njaa kali. Vaa viatu vya kufunika, malapa hapana. Usiingie bandani, simama nje, ukuta au mlango uwe katikati yenu na karai liwe limefungwa pale mlangoni kwa ndani. Akilaza masikio usimpe, usimpigie kelele, usimrushie ndoo uondoke, kwa sababu akipata chakula kwa kukutisha basi amejifunza kwamba ukali unaleta chakula. Simama tu, tazama masikio. Itafika mahali, hata sekunde moja, sikio moja linakuja mbele au anageuza shingo pembeni, hapo hapo sema "haya" na umimine kikombe kimoja. Atakula, atalaza masikio tena, na wewe utangoja tena. Neno liwe hilo hilo kila siku. Kila siku unachelewesha kidogo, mpaka akiona ndoo anarudi nyuma mwenyewe hatua mbili kabla hujamimina. Na wote wanaomlisha wafanye hivyo hivyo, manake saisi wa asubuhi akimpa huku amelaza masikio, kazi yako ya jioni imekwenda na maji.

Akishaanza kula mwache. Kumpiga brashi au kumfunga tandiko huku kichwa kiko kwenye karai ndo watu wanaumia hapo. Yule anayerusha mateke kweli kweli usimfundishe peke yako, weka chakula bandani kabla hajaletwa, umfungulie aingie, wewe ubaki nje.

Wageni nao, hasa Disemba na Pasaka pakijaa, wanapenda kumlisha karoti mkononi, halafu kesho anapekua mifuko ya watu kwa meno. Waambie kwa heshima waitie kwenye ndoo, utampa wewe baadae.

Ukishafanya yote hayo na bado ni mkali, au anaacha pumba njiani, anakonda, anadondosha majani aliyotafuna nusu, muite daktari wa mifugo amwangalie meno, minyoo na vidonda vya tumbo, dawa ipo. Lakini farasi aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, mate yanamwagika na kumeza hawezi, usitie mkono mdomoni kumtazama, huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie, muite daktari siku hiyo hiyo, na kama amekuuma au mate yake yamegusa kidonda osha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 kisha nenda hospitali ukachanjwe, usingoje mpaka kesho.