Kigeu kikiwa tupu, skripti isimame

Mstari ulioniponza ni huu:

rm -rf "$FOLDA_MATOKEO"/*

Ulikuwa ndani ya jenga.sh, skripti niliyoiandika mwenyewe ili isafishe matokeo ya zamani kabla ya kujenga programu upya. Kwenye kompyuta yangu haukuwahi kunisumbua. Siku nilipoihamishia kwenye mashine ya majaribio nikasahau kuweka kigeu FOLDA_MATOKEO, yaani jina linalobeba njia ya folda, tena nilikuwa nimeingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Bash, programu inayoendesha skripti hizi, haikulalamika. Kigeu kisichokuwepo hukihesabu kuwa kitupu, kwa hiyo amri ikasomeka rm -rf /*, yaani futa kila kitu kwenye mashine bila kuuliza. Nilipowahi Ctrl+C, /boot ilikuwa imeshakwenda na /etc imemegwa.

Tangu hapo skripti zangu zote za Bash huanza hivi:

set -euo pipefail
: "${FOLDA_MATOKEO:?haijawekwa, soma .env.mfano}"

Herufi u kwenye -euo husimamisha kazi ikikutana na kigeu ambacho hakijawekwa. Lakini haitoshi. Mtu akiandika FOLDA_MATOKEO= kwenye .env, faili linalotunza thamani za vigeu, akaiacha hivyo, u huona kigeu kipo na kuruhusu. Alama :? ndiyo inayokamata hata kilicho kitupu, na ujumbe wako humwambia mwenzako pa kuanzia. Ndiyo maana natumia zote mbili. Alama za kunukuu kwenye "$JINA" usiziache, maana folda yenye nafasi katika jina lake itakatwa vipande viwili.

Faili la .env liingie .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizihifadhi, kabla ya commit ya kwanza; kwenye hazina ya Git weka .env.mfano yenye majina matupu. Ufunguo wa siri ukishapanda huko, kulifuta faili hakusaidii, kwa sababu historia ya Git bado inao. Ubatilishe kwa aliyekupa, uchukue mpya, leo hii.

Usiache set -x ikiwaka penye nywila: huchapa kila amri pamoja na thamani zake kwenye logi. Kwa Docker, chombo cha kufungasha programu, siri usiipitishe kwa ARG, inaonekana kwa docker history. Tumia docker build --secret id=ufunguo,env=UFUNGUO_API, kisha ndani ya Dockerfile RUN --mount=type=secret,id=ufunguo; amri hiyo itaisoma kwenye /run/secrets/ufunguo.

Mwisho ijaribu. Tanguliza echo mbele ya rm, kisha:

env -i PATH="$PATH" bash jenga.sh

Ikikujibu "FOLDA_MATOKEO: haijawekwa" bila kuufikia mstari wa rm, ondoa echo.