Kutambua jinsi jiwe la volkano la Moshi na Arusha lilivyozaliwa

Vifaa: nyundo ya kijiolojia, miwani ya kukinga macho, lenzi ya kukuza mara 10, kisu cha chuma. Usichukue jiwe hifadhini. Kingo za mto Karanga, au machimbo ya kokoto ambayo mwenyewe amekuruhusu, yanatosha.

Pasua jiwe kwanza. Ganda la nje limeshaliwa na mvua, na ule wekundu mara nyingi ni kutu ya olivini (madini ya kijani yenye chuma) iliyooza. Lowanisha uso mpya, uutazame juani kwa lenzi.

Anza na ukubwa wa chembe, rangi baadaye. Chembe zisizoonekana kwa macho ni dalili ya lava iliyopoa upesi juu ya ardhi. Chembe kubwa zilizobanana jiwe zima, kama kwenye graniti, zilipoa taratibu kina kirefu. Kioo cheusi kilipoa ghafla, fuwele hazikupata nafasi ya kukua.

Lava za Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ndizo zenye maelezo mengi. Baadhi zina fuwele kubwa za feldispa (madini meupe au ya kijivu), zenye umbo la uru wa karata, ndani ya jiwe la kijivu lisiloonekana chembe. Hapo magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilipoa mara mbili: fuwele zilikua polepole chini ya mlima, kisha mlipuko ukazitoa nje na kilichobaki kikaganda haraka. Zikiwa zimelala upande mmoja, zilipangwa na mtiririko wa lava.

Madoa meupe ya mviringo yasikudanganye. Feldispa ina nyuso bapa zinazometa na kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Doa linalokwaruzika kirahisi huenda ni kalisiti (madini ya chokaa) au zeoliti, madini laini yaliyojaza kitundu cha gesi baadaye, kwa hiyo halisemi lolote kuhusu magma. Saga unga wake, udondoshee siki: kalisiti hutoa povu.

Kosa kubwa zaidi ni kuandika "kwatzi" (madini ya silika tupu) kwa kila chembe ya kijivu yenye mng'ao wa mafuta. Katika fonoliti, aina ya lava, za Kibo na mlima Meru hiyo huwa nefelini, madini ya magma yenye silika kidogo. Nefelini na kwatzi hazizaliwi katika magma moja.

Vipande vya kona kali na rangi mchanganyiko ndani ya majivu yaliyoshikana? Hiyo ni tufu, si lava.

Na jiwe la mtoni limesafirishwa na maji: linakuambia lilivyopoa, si mwamba gani lilikomong'onyoka. Andika mahali ulipoliokota.