Somo: Ni penalti au refa kawabeba? Namna ya kumaliza ubishi wa kijiweni

Wagosi, salamu. Somo hili ni la wale ambao kahawa yao ya Jumatatu inapoa mkononi kwa sababu ya penalti ya Jumapili. Nimepuliza filimbi mechi nyingi za mchangani hapa Tanga, na nikiwa jukwaani kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani mimi ni Coastal Union damu, kwa hiyo sina deni na Jangwani (Yanga) wala Msimbazi (Simba).

Ninachokiona kwenye mabaraza ya Ngamiani ni kwamba watu hawabishanii jambo moja. Huyu anauliza kama beki aliugusa mpira kwanza. Yule anauliza kama alikusudia. Wa tatu anataka kujua refa ni mtu wa wapi. Swali la kwanza na la tatu hayamo kwenye sheria, na la pili limo nusu tu. Fuateni mpangilio huu hapa chini. Ubishi hautakwisha, lakini angalau mtakuwa mnabishania kitu kimoja.

Hatua ya 1: Tazama tukio kwa kasi yake ya kawaida

Klipu inayozunguka WhatsApp huwa imeshapunguzwa kasi na kuwekewa duara jekundu. Rafu yoyote ukiipunguza kasi itaonekana ya makusudi. Hata waamuzi wa VAR, wale wanaomsaidia refa kwa picha za video, wana utaratibu: picha ya polepole ni ya kuangalia mambo ya hakika, yaani kosa limetokea wapi, mguu umegusa wapi, mpira umetoka au haujatoka. Ukali wa rafu, au kama kunawa (mpira kugusa mkono) ni kosa, huangaliwa kwa kasi ya kawaida. Na zima sauti. Mtangazaji naye ana timu yake.

Hatua ya 2: Mahali pa kosa, si mahali pa mpira

Mpira ukiwa mchezoni, na beki akafanya ndani ya kumi na nane yake (lile boksi la mbele ya goli lake) kosa linalostahili faulo ya moja kwa moja, ile inayoweza kupigwa ikaingia golini bila mwingine kuugusa mpira, ni penalti. Hata kama mpira uko katikati ya uwanja. Straika akivutwa jezi ndani ya boksi huku winga bado yuko na mpira kwenye kibendera cha kona, usiseme "lakini mpira haukuwa pale."

Mstari ni sehemu ya boksi. Kosa juu ya mstari ni penalti. Kama beki alianza kumshika mtu nje na akaendelea kumng'ang'ania mpaka ndani, hiyo pia ni penalti. Kwenye viwanja vyetu vya mistari ya majivu, inayofutika kabla ya mapumziko, hapa ndipo ngumi huanzia. Kagueni mistari kabla ya mechi.

Hatua ya 3: Aligusa mpira kwanza? Hiyo si kinga

Hili ndilo kosa kubwa la vijiwe vyote nilivyokaa. Sheria namba 12 haisemi popote kwamba ukigusa mpira kwanza umesamehewa. Inauliza ulichezaje: kwa uzembe, kwa kutojali usalama wa mwenzako, au kwa nguvu iliyopita kiasi. Uzembe ni faulo bila kadi. Kutojali ni njano. Nguvu iliyopita kiasi ni nyekundu. Kuugusa mpira kunaweza kuonyesha kwamba beki alicheza vizuri, lakini kama aliuparaza kwa kidole kisha akamkata mtu ugoko, penalti iko palepale.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba kumpiga teke au kumkwatua mtu, hata *kujaribu* tu, ni kosa. Kwa hiyo "hakumgusa" peke yake haitoshi kufuta penalti. Ila beki akimzuia mtu njia kwa mwili bila kugusana, hiyo ni faulo isiyo ya moja kwa moja, wala haizai penalti.

Kujiangusha kupo, na adhabu yake ni njano. Lakini mchezaji aliyeruka kukwepa buti akaanguka hajamdanganya mtu. Ameokoa mguu wake.

Hatua ya 4: Kunawa

Hapa ndipo penye kazi. Anzeni na mkono wenyewe: kwa sheria, mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira ukigonga bega, endeleeni na mchezo.

Kisha jiulizeni mambo mawili. La kwanza, mkono uliufuata mpira? Kama ndiyo, ni kosa, limekwisha. La pili, mkono uliukuza mwili isivyo kawaida, yaani ulikuwa mahali ambapo mwendo wa mwili wake hauelezi kwa nini uwe pale? Hili la pili halihitaji kusudi. Ndiyo maana beki anaweza kuapa kwa Mungu kwamba hakudhamiria, akawa mkweli, na bado ikawa penalti. Mtu anayekimbia hutawanya mikono, mtu anayeruka huinua mikono. Refa anapima kama ule uinuaji ulikuwa wa kuruka au wa kuziba. Ni suala la kupima kwa macho, na watu wawili wenye akili timamu watapima tofauti. Wanaodai sheria ya kunawa iko wazi hawajawahi kushika filimbi.

Kwa mfungaji sheria ni kali zaidi: goli likiingia moja kwa moja kutoka mkononi mwake, au akafunga papo hapo baada ya mpira kumgusa mkono, halikubaliki hata kama ni bahati mbaya. Ikiwa mkono uliogusa kwa bahati mbaya ni wa mwenzake aliyempasia, tangu 2021 goli ni halali.

Hatua ya 5: Kadi ni swali jingine

Msichanganye penalti na kadi. Tangu 2016, beki aliyezuia nafasi ya wazi ya goli ndani ya boksi lake huku akijaribu kweli kuucheza mpira anapata njano, kwa sababu penalti imeshairudisha ile nafasi. Lakini kama alivuta, alisukuma au alishika, au hakuwa na uwezekano wowote wa kuufikia mpira, ni nyekundu. Kwa hiyo kelele za "mbona hakumtoa?" zijibiwe kwa kuuliza: alikuwa anacheza mpira au mtu?

Hatua ya 6: Mwishowe, refa

Mkifika hapa ndipo mna ruhusa ya kumjadili. Ulizeni alisimama wapi, nani alimziba, na kama palikuwa na VAR. VAR ilipoingia rasmi kwenye sheria mwaka 2018 ilipewa mambo manne: goli, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kadi aliyopewa mtu asiyehusika. Na huingilia pale kosa la refa liko wazi kabisa, si kila mnapopiga mayowe.

Najua mtaniletea shuti la Aziz Ki, aliyekuwa kiungo wa Yanga wakati ule. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na Mamelodi Sundowns. Shuti linagonga mwamba, linashuka, linatoka. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakuweka kati (hakulikubali goli), mechi ikaisha 0-0, na Sundowns wakapita kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, 3-2. Kwa macho yangu ule mpira ulivuka. Ila sheria inataka mpira *wote* uvuke mstari *wote*, na kamera isiyokaa sawasawa na mstari wa goli inaudanganya umbali. Kwa ubishi wa aina hiyo VAR haisaidii sana. Dawa yake ni teknolojia ya mstari wa goli. Hiyo ndiyo hoja nzito, na ningependa kuisikia ikitajwa mara nyingi kuliko neno "kahongwa". Mwenye ushahidi wa rushwa aupeleke panapohusika. Asiye nao anywe kahawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Makorora: Mwalimu, Ngao ya Jamii 2023 hapahapa Mkwakwani, Ally Salim alipangua matuta matatu ya Yanga, Simba wakabeba. Mpaka leo shemeji yangu anasema kipa alikuwa anatoka mstarini. Sheria inasemaje?

Jibu: Mpira unapopigwa, kipa awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, au usawa wake, au nyuma yake. Mguu wa pili unaweza kuwa umeshatangulia mbele. Shemeji asimamishe picha pale buti linapougusa mpira, si baada ya hapo, maana kipa akishapigiwa ana haki ya kuruka. Kama alitoka mapema na akapangua, tuta linarudiwa. Mara ya kwanza anaonywa, akirudia ni njano. Kama alitoka mapema lakini mpira ukaenda nje au ukagonga mwamba bila yeye kuugusa, halirudiwi, isipokuwa kama ni wazi alimvuruga mpigaji.

Swali, kutoka Pongwe: Kijana wetu alipiga penalti ikagonga nguzo ikamrudia, akafunga. Refa akakataa. Tulibebwa au tulionewa?

Jibu: Hamkuonewa, mgosi. Mpigaji haruhusiwi kuugusa tena mpaka mchezaji mwingine auguse, na nguzo si mchezaji. Angepangua kipa, goli lingekuwa halali.

Swali, kutoka Chumbageni: Na akiteleza mguu mwingine ukaugusa mpira bila yeye kutaka? Kama yule wa Atlético. Niliona huruma mie.

Jibu: Dada, hukuwa peke yako. Julián Álvarez aliteleza kwenye matuta dhidi ya Real Madrid Machi 2025, mpira ukamgusa mara mbili, goli likafutwa. Miezi michache baadaye watunga sheria wakatoa ufafanuzi: ikiwa mguso wa pili ni wa bahati mbaya na mpira umeingia, penalti inarudiwa. Usipoingia, kwenye mikwaju ya matuta inahesabiwa amekosa.

Swali, kutoka Makorora tena: Kusimamasimama njiani kabla ya kupiga?

Jibu: Akiwa bado anakimbia, ruksa. Akishamaliza kukimbia kisha akadanganya kupiga, ni njano na faulo kwa wapinzani.

Swali, kutoka Mabawa: Shikamoo mzee. Refa alisema penalti, akaongea na mshika kibendera, akabadilisha akaweka kona. Tuligoma. Kwani refa anaruhusiwa kujifuta?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anaruhusiwa, ilimradi mchezo haujaanza tena. Mshika kibendera yuko pale kwa kazi hiyohiyo. Mpira ukishapigwa upya, hawezi kurudi nyuma hata akigundua amekosea. Na kugoma ndiyo njia ya haraka ya kupoteza mechi mezani mliyokuwa na nafasi ya kushinda uwanjani.

Swali, kutoka Kisosora: Suárez wa Uruguay alipodaka mpira wa Ghana mstarini, Kombe la Dunia 2010, kwa nini wasingetoa goli tu? Nyekundu na penalti, kisha Gyan akakosa. Wizi mtupu.

Jibu: Kwa sheria zilizopo refa hawezi kutoa goli ambalo halijavuka mstari. Penalti yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya wachezaji wa namna hii: aliyeipendekeza ni William McCrum wa Ireland, naye alikuwa kipa, na ikaingia kwenye sheria mwaka 1891. Refa siku ile alifanya kila alichoruhusiwa kufanya: penalti, na Suárez nje. Sasa kama unasema sheria inampa faida mdakaji, hapo tuko pamoja, na mimi ningeunga mkono goli la adhabu kwa mpira uliodakwa kwa makusudi mstarini. Lakini hilo ni la kuwadai watunga sheria. Refa msimdai.

Swali, kutoka Kisosora: Kwa hiyo Ghana haikuibiwa?

Jibu: Kwa sheria, hapana. Kwa moyo, niulize tukiwa barazani.