Namna ya kuwashawishi wakulima wa mabondeni wapunguze yurea karibu na visima

Anayetaka kuwashauri wakulima wa Mtwara na Lindi wapunguze mbolea ya nitrojeni hana budi kukiri kwanza kwamba wengi wao hawana cha kupunguza. Mwenye mikorosho Tandahimba, mwenye ufuta Kilwa na mwenye mihogo na mbaazi Masasi mara nyingi humaliza msimu bila kufungua hata mfuko mmoja wa yurea, na kumhubiria mtu huyo habari za kuzidisha mbolea ni kumdhihaki. Mbolea ya kutiliwa shaka iko kwenye bustani za mchicha, nyanya na vitunguu zilizopangana mabondeni kandokando ya vijito, na kwenye majaruba ya mpunga, ambako yurea hurushwa kwa mkono, ardhi ina unyevu muda mrefu, na kisima cha kitongoji kizima huwa hatua chache kutoka kwenye tuta la mwisho. Huko ndiko afisa ugani au mjumbe wa jumuiya ya watumia maji anakopaswa kwenda.

Aende kwa miguu, akiwa na daftari, kabla ya kuitisha mkutano wowote. Aandike kila kisima na kila chemchemi, mteremko unaelekea wapi, bustani iliyo juu yake ni ya nani, na pia vyoo na mazizi yaliyo karibu, kwa sababu nitrati, yaani chumvi ya nitrojeni inayoyeyuka na kuchafua maji ya kunywa, hutoka kwenye vinyesi sawasawa na inavyotoka kwenye yurea. Mkulima anayelaumiwa kwa maji yaliyochafuliwa na choo cha jirani hatakusikiliza tena, na atakuwa na haki.

Namna mbolea inavyofika kisimani ielezwe kwa lugha nyepesi. Yurea ikiingia kwenye udongo wenye unyevu hugeuzwa na vijidudu kuwa amonia, kisha nitrati. Amonia iliyoyeyuka hushikwa kwa kiasi na udongo wa mfinyanzi, lakini nitrati haishikwi. Huenda popote maji yanapokwenda. Udongo wa kichanga, ambao ni mwingi katika uwanda wa Makonde na ukanda wa pwani, hupitisha maji upesi, na mvua zetu za msimu mmoja, zinazoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, zina siku ambazo mvua ya usiku mmoja inatosha kuisukuma nitrati chini ya mizizi. Mmea hauwezi kuifuata tena. Itaendelea kushuka hadi kwenye maji ya ardhini, au itatokeza kwenye chemchemi zilizo chini ya uwanda, zilezile ambazo watu wa juu wamezishukia kwa vizazi vingi wakiwa na ndoo kichwani. Inayoingia Mto Lukuledi kuanzia Masasi na Ndanda huishia kwenye ghuba ya Lindi.

Mazungumzo na mkulima, hata hivyo, yasianzie kwenye maji. Yaanzie kwenye mfuko alioununua. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za nitrojeni, wa CAN, mbolea ya kukuzia, una takriban kilo 13, na wa DAP, mbolea ya kupandia, una kilo 9. Mkulima aliyezoea kuhesabu mifuko tu bila kujali ni ya mbolea gani hushangaa akisikia tofauti hiyo. Mwulize alirusha lini, na mvua kubwa ilinyesha siku ngapi baadaye. Akijibu kwamba alirusha wakati wa kupanda, mwoneshe kwamba mche wa mahindi wenye majani mawili hauna mizizi ya kunywa mbolea hiyo, na kwamba sehemu kubwa ya fedha yake ilisombwa. Mwulize pia kama nyanya zake zimewahi kuwa na majani mengi ya kijani iliyokolea huku matunda ni machache, au kama mpunga wake uliwahi kustawi sana halafu ukalala. Dalili hizo anazijua, ila huenda hajawahi kuzihusisha na wingi wa nitrojeni.

Tahadhari mbili za lugha zinafaa hapa. Katika vijiji vya korosho, neno pembejeo huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye salfa ya kukinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri unga, ambayo ni dawa na si mbolea. Kwa hiyo sema yurea, usiseme pembejeo. Pili, tangu msimu wa 2022/2023 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na mkulima anaweza kudhani kwamba unapingana nayo. Mweleze kwamba ruzuku ilikusudiwa kuongeza mavuno, na mbolea iliyoishia kisimani haikumwongezea hata debe moja.

Kisha yafuate majaribio, kwani maneno peke yake hayabadilishi mkono uliozoea kurusha. Chagua mkulima mmoja anayeheshimiwa katika bonde, si lazima awe kiongozi, na mwombe akupe vipande viwili vya shamba vya mita 10 kwa 10, ambavyo kila kimoja ni kama sehemu ya 40 ya ekari. Kwenye kipande cha kwanza afanye kama kawaida yake. Ikiwa hutumia mfuko mmoja kwa ekari, kipande hicho kitapata kilo 1 na robo. Kwenye cha pili atumie theluthi mbili tu, yaani takriban gramu 830, lakini aitie kwenye vishimo kando ya mmea na kuifukia, kwa awamu mbili. Kamwe asiombwe kulijaribia shamba zima. Anayeishi kwa mavuno ya ekari moja hana nafasi ya kukosea kwa ajili ya somo la mtu mwingine, na afisa anayesahau hilo huvuna ukimya mikutanoni.

Kipimo cha shambani ni kizibo cha soda. Vizibo havijai sawa, na yurea hutofautiana na DAP kwa uzito, hivyo jaza vizibo 100 vya usawa, pima jumla yake kwenye mizani ya dukani, kisha ugawe kwa 100. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, hutoa mashimo takriban 9,000 kwa ekari. Mfuko mmoja wa yurea ukigawanywa humo, kila shimo hupata gramu 5 na nusu kwa msimu mzima. Nusu ya kiasi hicho itiwe mahindi yanapofika magotini, baada ya palizi, na nusu iliyobaki kabla ya mbelewele kutokeza. Fukia kila mara, kwa kuwa yurea iliyoachwa juu ya udongo hupotea hewani kama amonia, na usitie chochote ukiona wingu la mvua kubwa. Udongo uwe na unyevunyevu, usiwe umelowa chapachapa. Kwa mchicha na mboga nyingine za majani, yurea kidogo kila baada ya mavuno ni bora kuliko nyingi kwa mara moja, na samadi iliyooza vizuri hupunguza haja yake, mradi nayo isilundikwe karibu na kisima.

Kwenye majaruba, yurea itiwe maji yakiwa yamepunguzwa hadi udongo uwe tope, kisha maji yarudishwe taratibu na njia ya kutolea maji ifungwe kwa siku kadhaa. Skimu ya umwagiliaji yenye kamati ya maji iliweke hilo kwenye ratiba yake, kwa sababu jaruba moja likifunguliwa mapema huharibu kazi ya mengine yote.

Sehemu ya somo ambayo wakulima wa kusini huipenda kuliko nyingine ni ya mbaazi, labda kwa sababu ni mali yao tayari. Ng'oa mbaazi, kunde au karanga yenye wiki sita hivi, onesha vinundu kwenye mizizi, kisha umpe mkulima akipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa cha rangi ya waridi, kinatengeneza nitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi. Mwambie kwamba kunde iliyotiwa yurea nyingi hutengeneza vinundu vichache, na kwamba karanga na njugu mawe haziihitaji kabisa. Mahindi yanayofuata baada ya mbaazi ambayo majani yake yaliachwa yaoze shambani yanaweza kupunguziwa yurea, lakini mabaki hayo yakichomwa wakati wa kusafisha shamba, karibu nitrojeni yake yote hupaa pamoja na moshi.

Lipo pia suala la ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vingine vya maji kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi yake. Ukianza na sheria, utakutana na watu ambao bustani yao ndiyo ada ya mtoto. Nionavyo mimi, ni afadhali kwanza kukubaliana kwamba matuta yaliyo karibu kabisa na maji yaachiwe nyasi ndefu au matete bila mbolea, huku uongozi wa kijiji ukipanga namna ya kulihama eneo lililobaki. Katika vijiji vya Wamakonde wapo wazee wanaojua simulizi la chimbuko lao, linalowaasa watu wasikae mabondeni wala karibu na maji makubwa kwa kuwa huko kuna maradhi; mzee akilisimulia mkutanoni, atasaidia kuliko kifungu cha sheria.

Maji ya kisima yapimwe nitrati mwishoni mwa kiangazi na tena mwezi Machi, katika maabara ya ubora wa maji au kwa vijikaratasi vya kupimia. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita, na kinamlinda hasa mtoto wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo, ambaye damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni hadi midomo ikageuka rangi ya buluu. Akina mama waambiwe waziwazi kwamba kuchemsha hakuiondoi nitrati bali huikoleza, kwa kuwa maji hupungua yenyewe ikibaki. Matokeo ya kila kipimo yaandikwe kwenye ubao karibu na kisima, chini ya matokeo ya msimu uliopita, na siku ya kuyaandika iwe ileile ya kupima mavuno ya vipande viwili kwenye mizani, mbele ya watu wa bonde zima.