Jeshi la mizuka lisikumalizie vita

Ukiandika fantasia ya vita, jeshi la mizuka lipe kazi moja tu, tena kabla ya pambano kuu. Asiyeweza kufa hana cha kupoteza, na msomaji akishalijua hilo hofu inamtoka. Katika The Return of the King cha Tolkien (1955), Wafu, mizuka ya watu waliovunja kiapo cha kupigana, wanawatimua maadui kwenye merikebu katika bandari ya Pelargir kwa woga tu, kisha Aragorn, mrithi wa ufalme anayewaamuru, anawafungua kiapo. Wanaofika Minas Tirith, mji wa pambano kuu, ni watu hai. Filamu ya kitabu hicho ya 2003 iliwapeleka Wafu hadi uwanjani, wakafagia kila kitu, na damu ya wapanda farasi waliotangulia kupigana hapo ikaonekana imemwagika bure. Amua mapema nani anaiamuru mizuka yako, kwa deni gani, na deni linaisha lini. Panga zao si lazima zikate: farasi wagome, mikuki idondoke, safu ivunjike.