Flashi ya Linux inayowaka ikipenda
Flashi ya USB ya kuwashia Linux ikiwaka leo na kesho ikagoma, usikimbilie kulaumu kompyuta. Anza na faili la ISO (nakala ya Linux uliyoipakua): endesha sha256sum, amri inayotoa alama ya kulitambulisha faili, kisha linganisha jibu na lile lililo kwenye tovuti ya watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Zikilingana, iandike flashi upya kwa amri ya dd ukiongeza conv=fsync, ili isimalize kabla data yote haijaandikwa, maana wengi huichomoa wakati data bado iko njiani. (Hakikisha jina la diski kwanza kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski; dd hufuta uliyoitaja bila kuuliza mara mbili.) Jaribu pia tundu jingine la USB, bila habu (kigawanyaji cha USB). Menyu ikitokea halafu skrini ikawa nyeusi, shuku kadi ya picha: kwenye GRUB, yaani menyu hiyo ya kuwashia, bonyeza e, ongeza nomodeset (huizuia Linux kubadili hali ya skrini mapema) mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10 kuwasha.